Punda wanakufa njaa Oktoba, nyasi zao ni za kukata sasa hivi Mei

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Hili jambo limenikaa kooni toka mwaka jana, kila nikiona punda wanapita hapa Chamwino na mikokoteni ya maji najiambia leo naandika, kesho naandika, basi leo nimekaa chini.

Ni kuhusu chakula cha punda kipindi cha kiangazi. Ng'ombe wana wasemaji wengi, mi naomba nimsemee punda.

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja tu, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, Aprili inakata, baada ya hapo ni kama miezi 7 ya jua na upepo. Sasa hivi nyasi bado zipo, pembeni ya mashamba zimefika magotini, lakini ikifika Septemba ni vumbi na migunga tu. Na hapo ndo punda anafanya kazi kuliko wakati wowote, kwasababu visima vya karibu vimekauka maji yanafuatwa mbali, watu wanajenga wanataka mchanga na tofali, magunia ya mahindi na alizeti yanapelekwa kuuzwa, yani kazi inaongezeka wakati chakula kinaisha. Halafu jioni tunamfungua tunasema akajitafutie. Akajitafutie wapi? Anaenda kulamba mchanga na kutafuna mabaki ya mifuko ya rambo iliyofukiwa jalalani miaka ile kabla haijapigwa marufuku 2019.

Mwaka jana nilipoteza punda jike, na alikuwa na mimba. Nieleze vizuri maana kosa lilikuwa langu na sitaki mwenzangu alirudie. Kipindi cha kipupwe, Juni na Julai, punda anaota manyoya marefu, na tumbo lilikuwa kubwa kwa ajili ya mimba, kwahiyo mi kwa macho nilimwona mnene kabisa. Siku moja mwezi wa kumi nikawa namfunga mkanda wa mkokoteni, mkono ukapita ubavuni, nikakuta mbavu zimekaa kama ngazi. Nikashika uti wa mgongo, mifupa imesimama. Moyo ulinidunda. Nikakimbia sokoni nikanunua gunia la pumba kwa bei ya chini, ilikuwa imepata unyevu ina harufu kama ya pombe iliyochacha, nikasema mnyama hachagui, nikamwekea karai zima kwa mara moja.

Usiku nikasikia anapiga kwato chini. Nikatoka na tochi, anageuka anaangalia tumbo lake, analala, anajiviringisha, ananyanyuka, jasho linamtoka na usiku wenyewe ulikuwa wa baridi. Alfajiri alikuwa amekwisha. Punda anabeba mimba kama miezi 12 na anazaa mtoto mmoja, kwahiyo hebu piga hesabu ni muda gani nimepoteza, achilia mbali kwamba yule mnyama alinichotea maji miaka 6 na watoto wangu wamesoma kwa mgongo wake.

Baadae daktari mmoja wa mifugo alikaa na mimi akanielewesha kitu ambacho natamani kila mwenye punda akijue. Punda hacheui. Ng'ombe anajaza tumbo halafu analala anacheua, lakini punda na farasi tumbo lao la mbele ni dogo, chakula wanakisaga mara moja mdomoni na kazi kubwa ya kuchachusha yale makapi inafanyika nyuma kabisa kwenye utumbo mpana. Ndo maana anatakiwa ale kidogo kidogo karibu siku nzima, akiachiwa mwenyewe anaweza kula masaa 14 au zaidi. Ukimshindisha njaa mchana kutwa halafu jioni ukammwagia pumba karai zima unaliumiza tumbo. Na pumba yenye ukungu ndo usiguse kabisa, hapa Dodoma na Manyara sumukuvu, yani sumu inayotokana na ukungu, ya kwenye mahindi iliua watu mwaka 2016, sasa sijui kwanini mi nilidhani punda yeye itampita.

Akaniambia pia kwamba nchi za baridi kama Uingereza, baridi ikiingia wenye farasi hawakimbilii nafaka, wanaongeza nyasi kavu, kwasababu yale makapi yakichachuka kule tumboni yanatoa joto linalompasha mnyama kutokea ndani. Farasi wa kilo 500 anahitaji kama kilo 10 za nyasi kavu kwa siku, na baridi ikizidi wanamuongezea, na hawamuangalii kwa macho tu, wanapitisha mkono kwenye mbavu kila wiki maana manyoya yanadanganya. Nikakumbuka wangu na yale manyoya yake ya Julai nikanyamaza.

Sasa hesabu ya kwetu. Punda wa huku ana kama kilo 130, akila asilimia 2 ya uzito wake kwa siku ni kilo 2 na nusu hivi za nyasi kavu au mabua. Kwa siku 210 za kiangazi inakuja kama kilo 550. Robota moja, yani furushi la nyasi la kufunga kwa mkono, tuseme kilo 15, basi ni marobota kama 36 kwa punda mmoja, na kama anapata pa kuchungia kidogo hata nusu yake inamvusha. Marobota 18! Hiyo ni kazi ya wikiendi mbili tatu kwa familia, mundu upo, watoto wapo, nyasi ni za bure.

Mi mwaka huu nimetengeneza boksi la mbao lisilo na kitako, urefu mita 1, upana nusu mita, kina sentimeta 40. Unakata nyasi zikiwa ndo zinaanza kutoa maua, sio unasubiri mpaka ziwe njano zimesimama kama fagio maana hapo nguvu imeshaisha. Unazianika siku mbili tatu unageuza geuza, bua likikunjwa linakatika ndo tayari. Unatandika kamba kwenye boksi, unajaza, mtoto anakanyaga anacheka, unafunga. Weka juu ya kichanja mchwa wasifike, na juu pawe na paa. Mabua ya mtama na uwele nayo yanafaa sana, punda anayamudu, na majani ya karanga ni kama kitoweo kwake. Na maji jamani, nyasi kavu bila maji zinaziba tumbo, tusimwache mnyama aliyekokota pipa la maji anarudi nyumbani na kiu.

Nilienda ofisi moja inayohusika na mifugo kuulizia mafunzo ya kufunga nyasi, nikajibiwa kwamba punda hayupo kwenye mpango, mpango ni ng'ombe na mbuzi. Niliumia. Hapo Kongwa tuna ranchi ya taifa na kituo cha utafiti wa malisho, watu wanaojua hei, yani hizi nyasi kavu za kuhifadhi, tunao humu humu mkoani, kuwaita siku moja tu mnadani waonyeshe wenye punda kungegharimu nini? Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walipitisha kuzuia punda kuchinjwa kwa ajili ya ngozi, na wengi tulishangilia, lakini huyo huyo tuliyemuokoa na kisu tunamuacha nyuma ya nyumba anakonda.

Na wakulima wenzangu naomba msichome mabua. Kama huna mifugo mwambie jirani mwenye punda aje akate abebe, hata kwa kubadilishana na tripu mbili za maji. Mi nimeshaongea na wawili wa jirani, tumekubaliana, na mpaka jana nimefikisha marobota 11. Anayetaka vipimo vya boksi au kuliazima aje tu, kila Jumamosi nipo shambani nakata.

Wako msomaji,
Mwenye punda, Chamwino, Dodoma