Mtoto wa miaka 2 daftari la nini?

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wazazi wa Moshi na Arusha wanaolalamika kwamba wanalipa ada ya kituo cha Montessori, yaani mfumo wa kumfundisha mtoto kwa kazi za mikono yake, halafu mtoto wa miaka 2 anashinda "akichezea maji na ndizi tu". Malalamiko hayo yanasukuma baadhi ya vituo kuwagawia watoto wa umri huo penseli na kazi za nyumbani, ili jioni mzazi aone kitu kwenye begi. Huko ni kumridhisha mzazi. Mtoto hafaidiki na chochote.

Penseli hushikwa kwa dole gumba, kidole cha shahada na cha kati. Vidole hivyo hupata nguvu kwa kukamua sponji, kufungua vifuniko vya makopo na kubana vibanio vya nguo. Hata herufi za msasa, yaani zilizokatwa kwa karatasi ya msasa ili mtoto azifuatishe kwa kidole, kwa kawaida huanza akishatimiza miaka 3.

Nianze na kumimina, maana ndiko kunakodharauliwa zaidi. Mtoto ambaye bado anatia kila kitu mdomoni asipewe maharage wala karanga. Ahamishe ndimu kubwa sita kutoka kikapu kimoja hadi kingine, kwanza kwa mkono, baadaye kwa upawa. Kipimo ni rahisi: chochote kinachopita kwenye kibomba cha boksi cha katikati ya toilet pepa ni kidogo mno kwake. Akiziweza ndimu, anaandaliwa trei yenye ukingo, vijagi viwili vinavyolingana vya mililita 200 hivi, na sponji iliyokatwa ienee kiganjani mwake. Kijagi kimoja kinatiwa maji hadi nusu, basi.

Mwalimu anakaa pembeni yake na kumimina polepole, mdomo umefungwa. Akisema "shika hapa, angalia, taratibu" huku anamimina, mtoto ataangalia mdomo na mikono itampita. Anamimina, anasubiri tone la mwisho, anafuta trei kwa sponji, kisha anamwachia mtoto. Maji yakimwagika, hakuna kelele wala kunyang'anyana. Anaonyeshwa tena sponji ilipo.

Kazi hii huharibikia kwenye vifaa. Kituo kinanunua jagi la plastiki la lita nzima, mtoto analigusa tu linapinduka, kisha mwalimu anasema watoto hawa ni watundu. Vikombe vya bati vinatulia mezani, na kwenye masoko ya Mbuyuni hapa Moshi au Kilombero kule Arusha vinapatikana bila kuagiza chochote ng'ambo. Sponji nayo isipokuwepo kwenye trei, mtoto anasimama kuitafuta na akili inahama. Maji yasizidi yale anayoweza kuyafuta mwenyewe.

Kukata ndizi ni somo kamili, na huliwa. Tumia kisukari iliyoiva lakini bado ngumu kidogo. Iliyoiva sana inapondeka, mbichi haimenyeki. Mtoto ananawa kwenye ndoo yenye koki kwa kipande cha sabuni ya mche kinachoenea kiganjani mwake. Mwalimu anachana ncha ya ganda kidogo tu; mtoto analivuta vipande vipande hadi chini na kulitia kwenye bakuli la maganda. Hapo mwalimu anaipasua ndizi katikati kwa urefu. Hatua hiyo wengi huiruka, nayo ina sababu mbili: upande bapa hauviringiki kibaoni, na vipande vya duara ni vya hatari kwa koo la mtoto mdogo. Kisu ni kile butu cha kupakia siagi. Mkono mmoja unashika mpini, kiganja cha pili kinagandamiza mgongo wa kisu kutoka juu. Anahamishia vipande kwenye sahani, anakula akiwa ameketi, kisha anaosha kibao.

Kiti chake kisizidi sentimita 25 kwenda juu, na meza iwe kama 40. Miguu ikining'inia, nguvu zote zinaishia kwenye kujizuia asianguke.

Majina ya vitu hufundishwa kwa vitu vyenyewe kabla ya picha: chungwa, parachichi, tangawizi, vitatu vinatosha. Kwanza unataja: "Hili ni parachichi." Kisha unamwomba: "Niletee parachichi." Akileta tangawizi, usiseme "hapana", taja tu jina la alicholeta na uendelee. Swali la "Hiki ni nini?" linangoja hadi uwe na uhakika kwamba anajua. Na lugha iwe ile anayoisikia nyumbani, Kiswahili au Kichaga; Kiingereza hakikimbii.

Kingine: mtoto akizama kwenye kazi, msimpigie makofi. Anageuka kumtazama anayemsifu, na kazi imekwisha.

Wenye vituo husema vifaa ni ghali. Lakini nyumba ya kwanza ya watoto ya Maria Montessori, daktari Mwitaliano aliyeanzisha mfumo huu, ilifunguliwa Roma mwaka 1907, mtaa wa San Lorenzo, kwa watoto wa vibarua. Mnara wa waridi, yaani vipande vya mbao vya kupandanisha, na shanga za kuhesabia zinazopigwa picha kwa ajili ya matangazo ni vya watoto wa miaka 3 kwenda juu. Shanga kwa mdogo ni hatari tupu. Kibao cha "Montessori" getini anaweza kukipachika yeyote, kwa hiyo mzazi aombe kukaa darasani nusu saa na kutazama rafu. Je, mtoto anazifikia? Kila trei imekamilika? Anairudisha mwenyewe?

Nyumbani nako mna kazi. Mvalisheni suruali ya lastiki. Ovaroli na mkanda vinamfanya akojoe akiwa mlangoni mwa choo. Na kwa baridi hii ya Juni na Julai, msimvalishe koti, mwonyesheni. Litandazeni sakafuni, bitana juu, kola ielekee miguu yake. Anainama, anaingiza mikono yote miwili kwenye mikono ya koti, analirusha juu ya kichwa na linashuka mgongoni. Zipu mwanzisheni ninyi kwa chini, yeye avute.

Mwalimu wa watoto wadogo,
Soweto, Moshi