Otomatiki kuwa manyuali kwenye W123: giaboksi peke yake haitoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wenzangu wa Mtwara na Lindi wanaoendesha Mercedes-Benz W123 za dizeli, yaani 240D na 300D zilizotengenezwa kati ya 1976 na 1985. Wengi wanang'oa giaboksi ya otomatiki na kufunga ya klachi, yaani manyuali. Siupingi uamuzi huo. Fundi anayezijua otomatiki hizi huku Kusini hapatikani kirahisi, na mteremko wa kutoka Newala unashuka kwa utulivu ukiwa umeshikilia gia kuliko ukiunguza breki. Ninachopinga ni watu kuuziwa giaboksi tupu, halafu gari linalala gereji miezi kwa kukosa vifaa vidogo.

Kabla ya yote, hakikisha otomatiki yako imekufa kweli. Ikiingiza gia kwa kishindo, kagua viungo vya raba kwenye vimipira vya vakyumu (nguvu ya kufyonza hewa), maana hupasuka kwa joto. Ikichelewa kubadili, kagua kebo inayotoka kwenye akseleta kwenda kwenye giaboksi. Hapo unaweza kupona kwa gharama ndogo sana.

Ukishaamua kubadilisha, tafuta gari zima la manyuali la kuchinja, yaani la kung'olea vifaa. Toa giaboksi na hauzingi yake, flaiwili (gurudumu zito la mkiani mwa injini), uma wa klachi, seti nzima ya pedeli, bomba la klachi, chuma cha kubebea giaboksi, gia livu na fimbo zake, na kipande cha mbele cha propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma), kwa kuwa urefu wake hutofautiana na cha otomatiki. Pleti ya klachi, presha pleti, bearingi ya klachi, klachi ya juu na ya chini (pampu za oili za pedelini na za giaboksini) nunua mpya. Usisahau bearingi ndogo inayokaa mkiani mwa kranki (shafti kuu ya injini). Injini iliyotoka na otomatiki haina bearingi hiyo, na bila yake shafti ya giaboksi inacheza, gia zinagoma kuingia, mwisho giaboksi inaanza kulia.

Kwenye flaiwili ndipo wengi wanapoumia. Kiwandani kranki ilisawazishwa pamoja na flaiwili yake, au pleti nyembamba inayokaa mahali pa flaiwili kwenye otomatiki, kwa hiyo flaiwili ya gari jingine haiwezi kufungwa hivihivi. Kabla ya kufungua pleti ya zamani, piga alama ya patasi kwenye pleti na kwenye kranki ili ujue zilivyokaa. Kisha peleka pleti na flaiwili kwa fundi mwenye mashine ya balansi (ya kusawazisha uzito), hata kama ni Dar es Salaam, aitoboe flaiwili mpaka uzito wake uegemee upande uleule na kwa kiasi kilekile kama pleti. Najua ni zaidi ya kilomita 500, lakini vifurushi hivyo viwili basi linabeba. Ukipuuza, gari litaunguruma vizuri likiwa limesimama. Ukishika mwendo sakafu inatetemeka, mauntini (raba zinazobeba injini) zinakatika, na kranki yenyewe inaweza kupasuka. Boliti za flaiwili ziwe mpya na zisichanganywe na za pleti. Funga kwa Nm 30 hadi 40 (kipimo cha nguvu ya kukaza), kisha zungusha kila moja nyuzi 90 zaidi.

Giaboksi hizi za manyuali hazitumii oili nzito ya gia. Zinatumia ATF, oili nyepesi ileile ya otomatiki, na ujaze kwa tundu la ubavuni mpaka ianze kumwagika. Kizibo chake kinafunguliwa kwa Allen ya milimita 14. Mtu akikuwekea oili namba 90, asubuhi gia zitakuwa ngumu na utailaumu giaboksi bure.

Kutoa upepo kwenye klachi kwa kukanyaga pedeli kunachosha na mara nyingi hakufanikiwi. Chukua mpira mwembamba, uujaze oili ya breki, uunganishe nipeli (kifundo cha kutolea upepo) ya breki ya mbele kulia na nipeli ya klachi ya chini. Fungua zote mbili, kanyaga breki taratibu, funga nipeli ya breki kabla ya kuachia, rudia. Oili inapanda kutoka chini na kuufukuza upepo kwenye kikopo cha juu. Mwenzako akiangalie kisifurike.

Mpira wa vakyumu uliokuwa unakwenda kwenye otomatiki uzibwe kabisa. Ukiachwa wazi, utazima swichi na injini itaendelea kuunguruma, kwa sababu dizeli hizi huzimwa kwa vakyumu. Waya za stata zilizopita kwenye swichi ya gia ziunganishwe, na za taa ya rivasi ziende kwenye swichi ya giaboksi mpya. Matundu mawili ya kupozea oili kwenye rejeta yazibwe kwa boliti.

Kwa magari yaliyokaa karibu na bahari, Mikindani au Lindi mjini, boliti za raba za propela huwa zimegandishwa na chumvi. Zipulizie dawa ya kutu siku moja kabla.

Mwenye uwezo wa kuchagua achukue giaboksi ya gia tano. Uwiano wa gia yake ya tano ni karibu 0.8, hivyo injini iliyokuwa ikizunguka mara 3,100 kwa dakika kwenye gia ya nne itashuka mpaka karibu 2,500 kwa mwendo uleule.

Gari likishatoka gereji, pitisha mkono chini ya zulia la dereva kila wiki kwa mwezi wa kwanza. Klachi ya juu ya W123 iko ndani, juu ya pedeli, na ikivuja oili inashukia hapo na kula rangi ya sakafu.

Fundi magari,
Mikindani, Mtwara