Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi: Jinsi Kahawa Inavyotolewa Kafeini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Tunakukaribisha kwa furaha kwenye shule yetu, hapa mteremkoni mwa Kilimanjaro, ambako wengi wetu tumelipiwa ada kwa fedha ya kahawa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kazi yetu ya mwaka huu ilianzia nyumbani. Bibi wa mwenzetu mmoja amehudumia mibuni maisha yake yote, lakini akinywa kikombe kimoja jioni, usingizi haumjii hadi jogoo wa kwanza. Mjukuu wake akauliza darasani: kafeini, ile kemikali ya kahawa inayofukuza usingizi, inaweza kutolewa, kahawa ikabaki kahawa? Mwalimu wa kemia hakujibu. Alitukabidhi ndoo, akatuambia tujaribu.

Tulichukua kilo moja ya kahawa aina ya arabika iliyokobolewa lakini haijakaangwa, kwa kuwa kafeini hutolewa punje zikiwa bado mbichi. Tukailoweka kwenye maji ya moto, tukabadilisha maji mara tatu. Maji ya kwanza yalitoka na rangi ya kijani iliyoingia manjano, kama chai ya mchaichai. Punje zikavimba, zikageuka rangi ya udongo. Tulipozianika na kuzikaanga ziliwahi kuwa nyeusi kuliko tulivyozoea, na kinywaji chake, tunasema kweli, kilikuwa kama maji ya kusuuzia sufuria. Kama kafeini ilitoka, basi ilitoka pamoja na kila kitu.

Hapo ndipo tulipoanza kujifunza. Katika arabika kafeini ni takriban asilimia 1.2 tu ya punje, na katika robusta, aina nyingine ya kahawa, hukaribia maradufu. Maji hayachagui: yanapoyeyusha hiyo kidogo, yanabeba pia sukari na asidi ambazo ndizo ladha yenyewe. Njia iliyobuniwa Uswisi, ambayo leo inatumika kiwandani British Columbia, Kanada, inatatua jambo hilo kwa maji hayo hayo. Punje hulowekwa katika maji ambayo tayari yameshiba kila kinachoyeyuka kutoka kwenye kahawa, isipokuwa kafeini. Kwa kuwa yameshiba ladha, hayana nafasi ya kuchukua nyingine, hivyo kinachohama ni kafeini peke yake. Kisha maji hupitishwa kwenye mkaa ulioandaliwa maalumu, mkaa unanasa kafeini, na maji yanarudi kulowekea punje nyingine. Maana yake ni kwamba maji yale tuliyoyamwaga nyuma ya maabara ndiyo tuliyotakiwa kuyatunza!

Njia nyingine tumezisoma tu. Ludwig Roselius wa Bremen, Ujerumani, aliyeifanya kazi hii kuwa biashara mwanzoni mwa karne ya 20, alitumia benzeni, kemikali ambayo baadaye ilijulikana kuwa inasababisha saratani, ikaachwa. Vipo viwanda vinavyotumia kemikali nyingine, dikloromethani, ambayo huchemka kwenye nyuzi 40 tu na hivyo huruka wakati wa kukausha na kukaanga. Vingine hutumia kaboni dioksidi iliyoshindiliwa kwa msukumo mkubwa sana, kutokana na ugunduzi wa mwanakemia Kurt Zosel mwaka 1967. Kafeini inayopatikana humo haitupwi. Huuzwa kwa watengenezaji wa soda na dawa. Jambo hilo lilitugusa sana sisi watoto wa wakulima, kwamba punje moja inaweza kuuzwa mara mbili.

Tumejua pia kwamba kwenye misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania kuna mbuni wa porini, Coffea pseudozanguebariae, usio na kafeini kwa asili yake. Tungependa sana kuuona.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto yetu kubwa ni vipimo. Ujerumani, kahawa iliyokaangwa haiitwi isiyo na kafeini kama kafeini yake inazidi asilimia 0.1. Sisi hatuwezi kujua hata kama tumetoa nusu. Tunaomba utusaidie kupata mizani inayopima sehemu ndogo za gramu, kilo chache za mkaa huo maalumu, na utuunganishe na maabara ya chuo kikuu itakayotupimia sampuli zetu kila muhula.

Bibi tuliyemtaja yupo hapa, amekaa safu ya mbele. Ametuahidi kilo nyingine tano za msimu huu, na kikombe cha kwanza tutampelekea yeye, saa mbili usiku.

Tunaomba kuwasilisha.