Viza ni ya miezi sita, likizo ni siku 28

Mhariri,

Nipo Mombasa kwa likizo, na kesi niliyoikuta barazani mtaani kwetu Kibokoni ni moja tu: kwa nini nilimrudisha mama kutoka Uingereza ilhali viza yake ilikuwa bado ina muda. Ami yangu, ambaye namheshimu sana, alinisomea mashtaka mbele ya watu, kikombe cha kahawa mkononi. Mwana wa fulani alikaa na mamake miezi sita kamili, wewe wako umemuweza mwezi na nusu? Pale barazani nilinyamaza, maana ami hajibiwi mbele za watu. Lakini najua wanaoulizwa swali hili ni wengi, kwa hivyo naomba nafasi katika ukurasa wako.

Mimi ni dereva wa basi mjini Birmingham. Viza ya mgeni ya Uingereza humruhusu mtu kukaa hadi miezi sita, na huku nyumbani hiyo "hadi" huwa haisikiki. Kapewa sita, basi akae sita. Sasa sikilizeni upande wa pili. Sheria ya huko inampa mwajiriwa wa siku tano kwa wiki likizo ya siku 28 kwa mwaka, na mwajiri ana ruhusa ya kuhesabu sikukuu za umma humo humo. Toa Krismasi, toa Pasaka, toa siku mtoto alipougua. Zilizosalia ndizo za kumpokea mzazi, kumtembeza na kumsindikiza. Miezi mingine yote anakaa na nani?

Mara ya kwanza walikuja wote wawili, baba na mama, na tiketi zilikatwa za miezi sita kwa kuwa kikao cha ukoo kilishapitisha hivyo. Walifika mwezi wa kumi. Asiyeishi huko hajui maana yake: hapo ndipo mchana unapoanza kuliwa. Ikifika Desemba magharibi inaingia kabla ya saa kumi, alasiri bado iko mdomoni. Mtu aliyezaliwa Mombasa, ambako magharibi ni saa kumi na mbili na dakika zake mwaka mzima, anachanganyikiwa. Mama aliposikia adhana kwenye simu alidhani simu imeharibika. Mimi zamu yangu ya alfajiri hunitoa nyumbani saa tisa usiku wao wamelala, nikirudi giza linaingia tena. Mke wangu naye ana kazi yake.

Baba alijipatia dawa. Ni mstaafu wa bandari ya Kilindini, mtu wa kuamka na kutoka, kukaa ndani hakuwezi. Siku ambazo njia yangu ilipita karibu na kwetu alipanda basi langu, akalipa nauli kama abiria yeyote, kwa sababu pasi ya bure ya wazee ni ya wakaazi, si ya wageni. Alikaa kiti cha mbele kabisa, kofia yake ya mkono imefunikwa na kofia ya jaketi. Kule hairuhusiwi kuongea na dereva gari likienda, kwa hivyo maoni yake aliyaweka mpaka mwisho wa njia, kisha akayamwaga yote pamoja. Kilichomuudhi zaidi ni basi kusimama kituoni kwa kuwa limefika kabla ya saa yake. "Gari limejaa, unangoja nini?" Mtu aliyezoea matatu za Likoni utamweleza nini kuhusu ratiba? Hakuna makanga, hakuna wa kugonga bodi. Abiria wa huko wakishuka humshukuru dereva, na baada ya siku chache baba ndiye aliyekuwa akiwajibu, kwa Kiswahili, "Karibu." Wakamzoea.

Mama hakuwa na basi. Ijumaa moja, yuko peke yake nyumbani, alifukiza udi kwa chetezo alichokuja nacho kutoka hapa. King'ora cha moshi kikalia. Zile nyumba zina ving'ora kwenye dari na havijui udi wala moto, moshi ni moshi. Jirani wa ghorofa ya juu akashuka mbio kugonga mlango, mwanamume mkubwa anapaza sauti, na mama Kiingereza hana. Yule jirani alikuwa na nia njema, aliogopa nyumba inaungua. Lakini tangu siku ile mama hakufukiza tena, na mlango ukigongwa alikuwa akiingia chumbani na kukaa kimya. Chetezo kilirudi sandukuni, na miezi ya viza ilikuwa bado imebaki.

Kuna na suala la matibabu, ambalo barazani halitajwi kabisa. Mgeni wa viza fupi halipi ile ada ya afya tunayolipa sisi wenye viza za kazi, na watu husikia hospitali za serikali huko ni bure wakadhani ni bure kwa wote. Chumba cha dharura, ndiyo, hudumiwa bila malipo. Ukilazwa, mgeni anaweza kutozwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida. Mama ana presha na sukari. Bima ya safari kwa mtu wa umri wake si rahisi, na kila mwezi unaoongeza nayo inapanda. Mimi huomba daktari wake wa hapa amwandikie dawa za muda wote wa safari, na barua ya kueleza ni za nini.

Mara ya pili alikuja peke yake, baba alisema magoti yake hayataki ndege tena. Tulipanga Mei. Niliomba kiti cha magurudumu tangu wakati wa kukata tiketi, huduma ambayo hailipiwi, na kule Addis Ababa alisukumwa kutoka ndege hadi ndege bila ya kumuuliza mtu njia. Likizo yangu niliichukua yote kwa mkupuo, na siku zilizozidi mke wangu akachukua yake. Jua lilikuwa linazama baada ya saa tatu usiku, akalalamika kwamba isha inamnyima usingizi, lakini alikuwa akilalamika huku anacheka. Soko la Bull Ring tulikwenda hata nikachoka. Matunda yanauzwa kwa bakuli na bei imeandikwa, naye anapunguza bei kwa vidole, muuzaji anaongeza embe moja ili mambo yaishe. Alirudi Mombasa amenenepa.

Wenzangu mlio ng'ambo nanyi nina neno lenu. Wapo wanaomwita bibi mtoto anapozaliwa, kwa sababu kulelewa mtoto huko ni ghali, na mama wa watu anageuzwa yaya wa miezi sita, anapika, anafua, nje haoni. Kumbeba mjukuu ni furaha yake, sikatai. Basi semeni wazi mmemwita kufanya nini, msiseme mmempeleka kupumzika.

Anayeona mwezi na nusu ni kidogo ajue kwamba ipo viza ya mgeni ya miaka miwili, ipo ya mitano, hata ya kumi. Ada yake ni kubwa zaidi, na kila safari haipiti miezi sita, lakini mzazi anaweza kuja, akarudi kwake, akaja tena bila ya kuanza upya kupanga makaratasi. Hiyo ndiyo nitakayomwombea mama safari hii. Ndugu zangu tumeshakubaliana kuchangia. Tukijaaliwa, tiketi itakuwa ya kwenda Mei na kurudi Juni, na ami nimeshamwomba yeye ndiye ampeleke na kumpokea uwanja wa Moi.

Mwana wa Kibokoni,
Mombasa