Mhariri, tuonyesheni na viti vyao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Mimi ni fundi seremala wa Keko, hapa Dar es Salaam. Kazi hii nimeirithi kwa marehemu baba, na randa yake ninayo mpaka leo.

Kila Jumamosi ukurasa wenu wa vijana unatoa picha za "setapu": meza nyeupe, skrini mbili, taa za mkanda za rangi ya zambarau ukutani, na kimmea kwenye kopo. Zinapendeza, sikatai. Ila zikitoka Jumamosi, Jumatatu naletewa kwenye simu: "Fundi, nataka hii hii." Wala msidhani naandika kwa chuki. Oda za makabati ya vyombo zimepungua, na meza za kompyuta ndizo zinazonilipia ada za watoto.

Mwaka jana alikuja kijana mmoja wa Tandika, anahariri video nyumbani kwake. Vipimo vyote alikuwa navyo kichwani: urefu sentimita 140, upana 60, kimo 75. Nikamuuliza, "Unakalia nini?" Akacheka. Kiti cha plastiki, hiki hiki cha misibani na harusini. Nikamkalisha kwenye cha kwangu, nikamwambia akunje mikono kama anayechapa, nikapima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Ikaja 66. Nikamshauri meza isizidi 68. Akagoma, kwa kuwa kwenye picha ni 75.

Hapo nikamkumbuka mzee. Miaka ya themanini alikuwa akitengeneza meza za makatibu muhtasi, na meza zile zilikuwa na bawa pembeni, limeshuka kuliko meza yenyewe. Mezani unaandika kwa kalamu, inchi 30. Kwenye bawa inakaa taipureta, inchi 26. Mimi mtoto nikadhani kakosea kupima, nikamwambia. Hakukasirika. Alinieleza kwamba kalamu inalala juu ya karatasi, lakini taipureta ina kimo chake na vidole lazima viipande, hivyo usipoishusha, yule mama atarudi kwake jioni mabega yamemfika masikioni.

Inchi 26 ni sentimita 66. Taipureta zilipoondoka, bawa nalo likaondoka, kompyuta ikapandishwa kwenye kimo cha kalamu na hakuna aliyeuliza. Kweli kibodi za sasa ni nyembamba, ndiyo maana kijana nilimwongezea hizo sentimita mbili. Na ukiwa na kiti cha kupanda na kushuka, 75 inakaa vizuri tu, mradi miguu ipate pa kukanyagia. Lakini kiti kizuri cha namna hiyo mara nyingi kina bei kuliko meza ninayokutengenezea, na kwenye picha zenu hakimo.

Pesa ni yake, nikamtengenezea alivyotaka: 75, MDF nyeupe juu mpaka miguuni. Nilimtahadharisha kuhusu maji. MDF ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, na ukingo ukishalewa maji haurudi tena. Mninga ungevumilia, maana ukikauka vizuri hautanuki ovyo hata na unyevunyevu wetu huu wa pwani, lakini mninga si mweupe. Ikaja masika, maji yakapita chini ya mlango wake, miguu ya meza ikaumuka kama maandazi. Alirudi kwangu anasugua shingo kwa mkono mmoja, simu kwenye mkono wa pili ananionyesha uharibifu.

Palipoumuka palikuwa kama sentimita nane. Nikaikata miguu hapo, nikaivisha visigino vya mninga vya sentimita moja. Mwenye kuhesabu atajua tumeishia wapi. Shingo hajaniambia tena.

Kwa wenye laptopu, neno moja tu: usiinamie. Iinue kwa kiboksi, skrini ije usawa wa macho, kisha nunua kibodi ya pembeni. Viboksi hivyo natengeneza kwa mabaki ya mbao, na ukija na meza sikutozi. Na nyinyi mnaoficha kompyuta ndani ya kabati ili nyaya zisionekane, toboeni matundu nyuma. Joto la Dar mnalijua.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mkipiga picha hizo, pigeni na moja ya ubavuni, mwenye meza akiwa amekaa anafanya kazi, nyayo zake zionekane zimekanyaga wapi. Na chini ya picha andikeni kimo cha meza na kimo cha kiti, kama mnavyoandika aina ya kompyuta. Mtatupunguzia mabishano huku karakana.

Yule kijana naye amekwisha kuitangaza meza yake mtandaoni. Taa zipo, kimmea kipo, skrini zote mbili zinang'aa. Picha ameikata kuanzia droo kwenda juu, kwa hiyo visigino vyangu vya mninga havionekani.

Fundi Seremala,
Keko, Dar es Salaam