Karatasi yenye duara

Rehema shoga yangu,

Salamu sana, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ule mstari uliosema "nikituliza huku, kule kunawaka" umenikaa moyoni wiki nzima, maana hivyo ndivyo nilivyoishi miaka miwili kabla sijampata mtu wa kunieleza kwa nini.

Umeniuliza nilipunguaje uzito nikiwa na kiungulia na PCOS kwa pamoja, yaani ule ugonjwa wa homoni unaovuruga ovari na hedhi. Nitakujibu, lakini kwanza nikwambie nilikokosea, kwa sababu kwa ulivyoandika naona unapita njia ileile.

Nilipoambiwa nina PCOS, nilishika kila ushauri wanaopewa wenye PCOS. Asubuhi siki ya tufaha kwenye maji, tumbo tupu. Kisha kahawa nyeusi, na chakula sigusi mpaka saa saba mchana. Jioni chai ya mnanaa, kwa kuwa inasemwa kwamba hushusha homoni za kiume, na wakati huo ndevu za kidevuni zilikuwa zimeninyima raha kabisa. Wanga nikaukata, mahali pake nikaweka jibini, karanga na nyama zenye mafuta. Katika yote hayo hakuna hata moja lililomfikiria mtu mwenye kiungulia. Siki ni asidi juu ya asidi. Mnanaa unaweza kulegeza ule msuli ulio mwisho wa umio ambao kazi yake ni kuzuia tindikali isipande. Mafuta huchelewesha chakula kutoka tumboni. Nami nikishinda na njaa mpaka mchana, usiku nilikuwa nafidia kwa sahani iliyojaa, kisha nalala nayo.

Usiku mmoja niliamka saa nane, koo limejaa maji makali yanayochoma mpaka puani. Nilikohoa hadi machozi yakanitoka. Nikakaa kitako kitandani, mto mgongoni, mpaka kukapambazuka. Siku hiyo sikuweza mazoezi yoyote, na kutwa nzima nilitamani vitu vitamu. Nilipokuja kuelewa jinsi mambo haya yanavyopokezana, nililia. Mafuta ya tumboni husukuma tindikali juu. Tindikali hukunyima usingizi. Ukikosa usingizi njaa huongezeka, na mwili huzidi kuikaidi insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Nasi wenye PCOS wengi wetu tayari miili yetu haiitikii insulini vizuri, kwa hiyo kongosho hutoa nyingi zaidi, na hiyo insulini iliyozidi huchochea ovari kutoa homoni za kiume. Chunusi, ndevu, hedhi kupotea miezi mitatu, vyote vinatoka humo. Hata ule weusi wa shingoni. Mama yangu alidhani sijisugui vizuri, akanisugua mwenyewe mpaka ngozi ikachubuka. Ule si uchafu, Rehema. Usikubali mtu akusugue.

Kuna daktari mmoja aliyeniambia, bila hata kuinua macho, "punguza uzito kisha urudi." Nilitoka pale najiona mvivu, na sikurudi kwa mtu yeyote kwa muda mrefu. Aliyenisaidia ni mtaalamu wa lishe niliyempata baadaye. Alichukua karatasi, akapiga mstari katikati. Kushoto akaandika yanayowafaa wenye PCOS, kulia yanayowafaa wenye kiungulia. Kisha akazungushia duara yale tu yaliyotokea pande zote mbili. Akasema, "Tutaanza na haya. Mengine tuyaache kwanza." Shoga yangu, ilikuwa mara ya kwanza nahisi nina mwili mmoja, si magonjwa mawili yanayogombana.

Lililonibadilisha kuliko yote ni chakula cha jioni. Saa moja nimeshamaliza, saa nne ndiyo nalala. Saa hizo tatu ni za kuliacha tumbo lipungue kabla sijajilaza. Ili nisifike jioni nimezidiwa na njaa, ilinibidi nirudishe chakula cha asubuhi: mayai ya kuchemsha, au uji wa shayiri usiosagwa sana, au maharage yaliyobaki. Protini na nyuzinyuzi hushibisha muda mrefu na haziipandishi sukari kwa kasi. Wanga sikuuacha, niliupunguza tu, nikachagua ule usiokobolewa. Sahani yangu sasa ni ndogo, nusu yake mboga, na nakula polepole. Yale maji ya ndimu unayokunywa asubuhi, naomba uyaache.

La pili ni kutembea baada ya kula. Dakika 15 tu, mwendo wa kawaida. Misuli ikifanya kazi huchukua sukari iliyoko kwenye damu, na mwili ukiwa wima tindikali hukaa chini. Kabla ya hapo nilikuwa najilazimisha kuruka na kukunja tumbo sakafuni, na kila mara kifua kiliwaka. Siku hizi nanyanyua uzito mdogo nikiwa nimesimama, mara tatu kwa wiki, saa mbili au zaidi baada ya chakula, na sibani pumzi. Nguo za kubana kiuno nimeziweka kando.

Kitanda nimekiinua upande wa kichwani sentimita 15 kwa vipande vya mbao chini ya miguu yake. Usirundike mito kama nilivyofanya mimi, kwa maana mito hukukunja katikati na kulibana tumbo. Na lalia ubavu wa kushoto.

Kuhusu vyakula vinavyokuchoma, usichukue orodha ya mtu mwingine, hata yangu. Mimi nyanya hazinidhuru, lakini chokoleti kipande kimoja tu kinatosha kuniamsha usiku. Andika kwa wiki mbili: umekula nini, saa ngapi, na kiungulia kilikuja lini. Usijinyime vyakula kumi kwa mpigo, utachoka.

Dawa zungumza na daktari wako, nami nitakwambia machache niliyotamani kuyajua mapema. Metformini, dawa ya kuusaidia mwili kuitikia insulini, ilinivuruga tumbo wiki za kwanza. Kuanza na dozi ndogo na kuimeza pamoja na chakula kulisaidia, na ipo pia ile inayotolewa mwilini polepole. Omeprazoli, ile ya kupunguza tindikali, mimi humeza nusu saa kabla ya kula, kwani baada ya kula haifanyi kazi vizuri. Zote mbili zikitumiwa muda mrefu zinaweza kushusha vitamini B12, kwa hiyo omba upimwe. Na zile sindano za kupunguza uzito ulizoziulizia hulichelewesha tumbo kumwaga chakula, wengine kiungulia chao huzidi. Mwambie daktari habari ya kiungulia kabla hujaandikiwa.

Sasa kilo. Nilianza na 86. Miezi tisa baadaye nikawa 79 na nusu. Najua ulitarajia nikwambie 20. Lakini kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito mara nyingi huanza kurekebisha hedhi, na yangu ilirudi mwezi wa tano, wakati nimepungua kilo nne tu. Kuna wiki sita ambazo mizani haikusogea kabisa na nilikaribia kuacha, ila kamba ya fundi cherehani ilionyesha kiuno kimepungua sentimita tatu. Tangu hapo napima kiuno mara moja kwa mwezi, mizani nimeisukuma chini ya kabati. Jambo jingine: yai linaweza kupevuka kabla hujaona hedhi, kwa hiyo kama hutaki mimba sasa, usijiamini kwa sababu ya PCOS.

Ulisema chakula siku hizi kinakwama unapomeza. Hilo usilisubirishe, Rehema, wala usilifiche chini ya neno kiungulia. Kukwama kwa chakula, kutapika damu, choo cheusi, au kupungua bila kujitahidi, hayo ni ya kwenda hospitali haraka. Ukiona damu au choo cheusi, nenda siku hiyohiyo. Hata kama ni hilo la kukwama peke yake, nenda wiki hii.

Ukipata tarehe niandikie, nitafunga safari nije niketi nawe pale nje mpaka uitwe. Ile karatasi bado ninayo. Nimekunakilia upande wa nyuma wa barua hii, pamoja na duara zake.

Rafiki yako akupendaye,
Zuhura