Wote tunatahiri, sasa tunagombea nini?

Shangazi,

Shikamoo. Naandika kutoka Bombo, saa saba ya usiku, mtoto amelala kifuani kwangu kwa sababu nikimlaza kitandani tu anaamka. Nachapa kwa kidole gumba kimoja, kwa hiyo makosa unisamehe.

Mimi ni Mnubi, mzaliwa wa hapahapa Bombo, kilomita kama 35 kutoka Kampala kwa barabara ya Gulu. Babu zetu waliingizwa Uganda na Lugard, ofisa wa Kiingereza, mwaka 1891 kama askari, na mpaka leo hapa kwetu nyumba isiyo na mwanajeshi ina mke wa mwanajeshi. Mimi ni huyo wa pili. Nyumbani tunasema Kinubi, sokoni Kiganda, na mume wangu ni Mgisu wa Mbale, mashariki ya Uganda, kwa hiyo kati yetu wawili ni Kiswahili, lugha ya jeshi. Tulitongozana kwa Kiswahili na tunagombana kwa Kiswahili. Ndiyo maana jambo hili la tohara ya mwanangu nimekuletea wewe, sikulipeleka kwa ssenga wa mtaani, yule shangazi wa Kiganda anayeshauri wake, maana yeye kila shida dawa yake ni moja: mpikie mumeo vizuri. Nimpikie vipi, naye yuko Somalia?

Aliondoka Oktoba mwaka jana, mimba ikiwa ya miezi sita. Atarudi Oktoba hii ya 2024, Mungu akipenda. Mwanawe hajamshika hata siku moja. Anamwona kwenye simu, mtandao ukikubali, na mtoto anajaribu kuilamba sura ya baba yake.

Alizaliwa Desemba, wiki nne kabla ya siku zake, kilo mbili kamili. Muuguzi akaniambia nisimfunikefunike mablanketi, nimvue, nimfunge kifuani ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, kama kangaruu anavyombeba mtoto wake. Nilimfunga kwa leso wiki tano. Nilikula naye hapo, nikalala nikiwa nimekaa. Mpaka leo hataki kulala kwingine, ndiyo haya ninayokuandikia gizani.

Sasa ana miezi saba, amenona, na majirani wanamwita Afande kwa sababu anatoa amri usiku na watu wote wa mstari wetu wa nyumba wanatii. Nina binti wa miaka mitano, nikadhani kulea nakujua. Wapi! Wa kiume ukimfungua nepi usipokuwa mwepesi anakulenga usoni, na akishakulenga anacheka. Nimejifunza kumfunika kitambaa kabla sijafanya lolote. Lakini hayo ni ya kuchekesha tu. Lililonishangaza zaidi ni watu. Binti yangu alipozaliwa, simu ya kutoka Mbale ilichukua dakika mbili: hongera, mpumzike. Alipozaliwa huyu, baba mkwe alipanda basi mwenyewe na jogoo mkononi na mkungu wa matooke. Mtoto wa kilo mbili, amefungwa kifuani kwangu kama kifurushi, na mzee anaketi mbele yangu anasema, “Mwanaume wetu.”

Tangu siku hiyo kila mtu ana neno juu ya mwanaume huyo. Alipokuwa na miezi miwili waliniambia maziwa yangu hayamtoshi, mwanaume hashibi ziwa, nimpe ya ng’ombe. Nilikataa mpaka miezi sita ikatimia, ndipo nikaanza uji wa wimbi. Alipopata homa na kuharisha akiwa na miezi minne, jirani akaleta bibi mmoja amchimbe fizi, eti ana meno ya uongo. Shangazi, wanayoyachimba ni meno halisi yanayokua chini, ya chonge, na chombo chenyewe nilikiona: spoku ya baiskeli. Nilimfukuza yule bibi huku nalia. Kituo cha afya wakampima, malaria, akapewa dawa, akapona. Nakueleza haya ujue kwamba mimi si mtu wa kuburutwa tu. Kukataa nakuweza, likiwa jambo ninaloliona wazi. Hili la sasa silioni wazi.

Mume wangu alisilimu kabla ya ndoa, kwa hiari yake, na kuswali ananishinda mimi. Kabla ya nikahi wazee wa pande mbili walikaa wakaulizana kila kitu: mahari, dini ya watoto, hata akifa mtu azikwe wapi. Tohara hakuna aliyeigusa. Baba yangu alijua Wagisu wanatahiri, akaridhika. Baba mkwe alijua Waislamu wanatahiri, akaridhika. Kila mmoja alimwona mwenzake ni mtu wa maana kwa sababu hiyohiyo, wala hawakuulizana lini.

Kwetu mtoto anatahiriwa mdogo. Siku ya saba ikiwezekana, ikishindikana baadaye, lakini shekhe wetu anasema asibaleghe hajatahiriwa. Huyu siku ya saba alikuwa hana nyama ya kumfanyia kitu chochote, muuguzi akasema mwacheni kwanza anenepe. Tukachinja mbuzi wawili wa akika siku ya ishirini na moja, tohara ikasubiri. Katika kusubiri huko ndipo Mbale walipouliza, “Mnasubiri nini?”

Kwao ni imbalu, tohara ya Kigisu, na imbalu si ya watoto. Ni ya kijana aliyekwisha kupata akili, na hufanywa miaka ya shufwa tu, 2022, 2024, 2026. Mwaka huu ni wake. Agosti watakusanyika Mutoto, karibu na mji wa Mbale, kuufungua msimu, na ngoma za kadodi nazisikia hata kwenye simu nikipiga. Kijana anapakwa unga na chachu, anacheza akizungukia ndugu, kisha anasimama uani mbele ya ukoo wote akatwe bila ganzi. Asitikisike, asipepese macho. Hapo ndipo anakuwa mtu mzima. Asiyesimama ni musinde, mvulana asiyetahiriwa, hata akiwa na mvi. Na aliyetahiriwa hospitalini, anasema baba mkwe, amekwepa. Mzee ameshapiga hesabu: mwaka 2042, mjukuu akiwa na miaka 18. Mimi sijui kesho nitapata mkaa wapi, yeye ana 2042.

Naye si mkorofi. Ndiye aliyenisimulia kwamba Masaba, babu wa Wagisu wote, hakuwa ametahiriwa. Alimpenda Nabarwa, msichana wa Kikalenjini, na msichana akasema, bila tohara hunioi. Nikamwambia, “Kumbe Baba, hata jambo hili lenyewe mliletewa na mke mgeni.” Alicheka mpaka akakohoa. Lakini hakubadili neno.

Mume wangu alisimama mwaka 2008, akiwa na miaka 17. Alinisimulia mara moja tu, usiku, taa imezimwa. Alisema hakuwa anafikiria maumivu, alikuwa anaitazama sura ya baba yake. Alisema hata huko vitani, akishikwa na woga, huirudia siku ile akatulia. Ningejibu nini hapo? Siku ya kuondoka, kwenye lori tayari, hatujui kama ni wa kiume au wa kike, akanishika tumbo akasema, “Akiwa kijana, usimguse mpaka nirudi tuzungumze.” Nikasema sawa. Nilikuwa nalia, ningesema sawa kwa neno lolote. Lakini nilisema.

Sasa baba yangu ameshapanga. Ijumaa tarehe 2 Agosti, wajukuu wake wawili wa kaka yangu wanatahiriwa hapa nyumbani, na wangu ameongezwa. Mtaalamu ameshaitwa, maulidi ipo, sufuria ya pilau imehesabiwa watu. Hakuniuliza. Alinijulisha, kama mtu anavyomjulisha mwenzake kwamba mvua itanyesha. Mzee ni mwadhini, Shangazi. Kila mtu msikitini anajua ana mjukuu wa kiume ambaye bado, na wanajua kwa nini bado.

Nilienda kumuuliza muuguzi yuleyule wa kangaruu. Alinipa pande zote mbili. Kwanza alisifu tohara yenyewe: utafiti uliofanywa Rakai, hapahapa Uganda, pamoja na wa Kisumu na wa Afrika Kusini, ulionyesha kwamba mwanamume aliyetahiriwa uwezekano wake wa kuambukizwa Ukimwi na mwanamke unapungua kwa karibu asilimia 60, na tangu 2010 serikali inahimiza. (Nikamtazama Afande, hata jino hana, tunamzungumzia wanawake.) Halafu akasema ningemleta kabla hajatimiza siku 60 ingekuwa kazi nyepesi, mtoto wa umri ule hajui kupigana. Wa miezi saba anapiga mateke, anajipindua, anashika kila kitu. Huyu anataka daktari mzoefu na chumba safi. Asikatwe sebuleni kati ya watoto watatu, pilau inaiva nje. Akasema tena, asipofanyiwa sasa hana hatari yoyote, anaweza kusubiri mwaka, miaka. Hilo la mwisho baba hataki kulisikia.

Dada yangu ana suluhisho lake. “Mtahiri. Baba yake akirudi Oktoba atakuta pameshapona. Atafanya nini, amrudishie?” Tulicheka sana. Usiku haukunichekesha. Mtu anakaa mwaka mzima kule, ameniomba jambo moja, na arudi akute nimelimaliza bila yeye, kwa kitu kisichorudi. Na yeye ndiye atakayewaambia Mbale. Nitakuwa nimemfanya aingie kwa baba yake kama mtu aliyeshindwa nyumba yake.

Nimwambie kwenye simu? Nimejaribu mara tatu. Mtandao unakatika, au yuko na wenzake chumbani, au sura yake imechoka kiasi kwamba naishia kumwonyesha mtoto anavyojifunza kukaa. Kamanda wao alituambia sisi wake zao tusiwapelekee matatizo ya nyumbani, mtu akiwa doria na mawazo ni hatari. Labda ni kweli, labda ninajificha nyuma ya hayo maneno.

Kuna jambo moja zaidi, silijui nilipeleke wapi. Wiki iliyopita mama mkwe alinipigia, si kawaida yake, kwa kawaida simu anaishika mzee. Alisema ana watoto wanne wa kiume na wote walisimama. Mama haendi uani, anakaa ndani ya nyumba, anangoja vigelegele vimwambie kwamba imekwisha salama. Mara zote nne vilipigwa. Kisha akasema, “Wa tatu alivuja damu siku mbili. Sikumwambia baba yao niliyoyawaza.” Nikangoja aseme afadhali nimtahiri, au nisimtahiri. Akaniuliza kama mvua imenyesha Bombo, akakata.

Wanasema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Nyasi zangu zimelala hapa zinanyonya kidole, zina uji masikioni. Mchana nilimkalisha kwenye mkeka katikati ya tabaga, sinia zetu za kusuka, ninazosuka za kuuza, akakaa peke yake nikahesabu mpaka kumi na tisa, halafu akaangukia upande kama gunia la posho, akanitazama kuona kama nitacheka. Hakuna mtu aliyenipigia simu kuuliza kama amekaa. Binti yangu tu ndiye aliyepiga makofi.

Naomba unisaidie, Shangazi, na wasomaji wako pia. Namkabili vipi baba yangu, mwadhini, mbele ya pilau yake, nimwambie mtoto wangu mtoe kwenye hesabu ya tarehe 2, bila kuonekana nimeikana dini kwa ajili ya ukoo wa mume? Au kosa langu ni kubwa zaidi nikimngoja baba yake, kwa kuwa tukishakaa wawili Oktoba najua ataomba 2042, na nikiikumbuka ile sauti yake gizani nitakubali? Na kama yupo Mgisu Mwislamu anayesoma hapa, ambaye mwanawe alitahiriwa hospitalini akiwa mdogo, naomba aniambie ukweli: huyo mtoto alipokua, wazee walimpa nafasi ya kukaa nao, au walimcheka? Nimeuliza hapa Bombo, hakuna ajuaye.

Unijibu kabla ya Ijumaa hiyo tafadhali. Ameanza kujinyoosha, anaamka.

Mimi Mama Afande,
Bombo